Kitasa Kilichokataa Jiliwa

Tangu niolewe na mwanawe, mama mkwe wangu hakuwahi kukanyaga karakana yangu ya vitasa. Alikuwa akisema hajapata kuona mke wa mtu ananuka grisi. Kwa hiyo asubuhi ile nilipomwona amesimama mlangoni, kakumbatia kitu kilichoviringishwa taulo, nilijua yamemfika shingoni.

“Karibu, Mama. Kaa hapa,” nikasema, nikifuta kigoda kwa kiwiko.

“Kukaa nimekaa nyumbani. Nimekuja unifungulie hiki.”

Akafunua taulo. Kilikuwa kisanduku cha chuma, ukubwa wake kama mkate, uzito wake haufanani na umbo. Nilikifahamu. Kilikuwa cha marehemu baba mkwe, na siku zote kilikaa juu ya kabati la chumbani kwao. Hakuna aliyeruhusiwa hata kukifuta vumbi. Baba alifariki mwaka jana, na ufunguo wake hatukuutia machoni tena.

“Jirani yetu mchomeleaji anasema atakipasua kwa grenda mara moja,” akasema Mama. “Nimemkatalia.”

“Umefanya vizuri. Grenda ingekiharibu.”

“Kiharibike tu, chuma kitu gani? Ninachoogopa ni macho yake.” Akanisogelea na kushusha sauti, ingawa karakana nzima tulikuwa wawili. “Mkwe wangu, kila Jumamosi asubuhi baba yenu alikuwa ananiambia, ‘Mama watoto, hebu geukia ukutani.’ Nageuka. Anafungua, anachukua vitu vyake, anakwenda kujifungia bafuni mpaka maji yanakwisha, kisha huyo anatoka nje amependeza. Mwanamume yule nywele zilikuwa nyeusi tii mpaka uzeeni! Mimi nimekuwa mweupe kama pamba, watu wananiuliza kama yule ni mdogo wangu. Alikuwa anajitunza kwa ajili ya nani? Kama kuna picha ya mwanamke humu ndani, tuione sisi wawili, tuichome, yaishe.”

Nilikuwa na kijembe tayari, kuhusu grisi, na nilikuwa nimekitunza kwa muda mrefu. Nikakimeza. Nilimwonea huruma, nasema kweli.

Kitasa chenyewe kilikuwa kigeni kwangu. Hakikuwa na jina la kiwanda wala alama yoyote. Tundu lake lilikuwa la mviringo, na katikati kumesimama kijiti chembamba, maana yake ufunguo wake ni wa bomba, uliotoboka katikati. Nilipomulika tochi nikaona vibamba vya shaba vimepangana, kila kimoja na springi yake. Hapo nikatabasamu. Vitasa vya vibamba nimevila sana: ukiviinua vyote kwa kimo kinachotakiwa, ulimi unarudi nyuma na kifuniko kinaachia. Nikamwambia Mama asihangaike kuvua viatu, ataondoka sasa hivi.

Aliyenifundisha kazi alinitia kichwani jambo moja kabla ya yote, kwamba kitu kisiposhikwa imara hakitengenezeki. Nikakikalisha kisanduku kwenye jiliwa, kile kibano cha chuma cha mezani, nikaweka vipande vya ngozi kisichubuke, nikakaza mpaka meza ikalia.

“Nipe huo ufunguo malaya hapo,” nikasema, nimesahau naongea na nani.

Mama mkwe akatoa macho. “Ufunguo gani?”

“Ndiyo jina lake, Mama. Kwa sababu unaingia kila mahali.”

“Kazi yenu hii imejaa matusi,” akasema, lakini akaniletea, ameushika kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa.

Ufunguo ule haukufaa kitu. Nikachukua nyaya zangu nyembamba. Vibamba vikaniitikia vizuri kabisa, kimoja baada ya kingine, mpaka nikaanza kupiga mluzi. Nikausukuma ulimi. Ukasogea kiasi cha unywele, ukagoma. Nikaanza upya. Ukasogea, ukagoma. Nikabadilisha waya, nikatia tone la mafuta, nikakaza jiliwa zaidi. Kijasho chembamba kikanitoka. Mimi kitasa kikinishinda huwa nakasirika kana kwamba kimenitukana mbele za watu, na huyu aliyekuwa ananitazama hakuwa mtu wa kushindwa mbele yake.

“Hata wewe?” akauliza Mama, taratibu.

Afadhali angenizaba kibao. Nikafungua jiliwa kwa hasira, nikakinyanyua kisanduku ili nikigeuze nitazame chini yake. Ndani kukalia tik. Nikakirudisha wima. Tik. Mwanzoni nilidhani ni vitu vya Baba vinavyocheza, lakini sauti ile haikutoka tumboni mwa kisanduku, ilitoka usoni, palepale kwenye kitasa.

“Mama, Baba alipokuwa anafungua, alikuwa anakiweka wapi? Mezani?”

Akatazama pembeni kama mtoto aliyekutwa na mkono kwenye kopo la sukari.

“Niliambiwa nigeukie ukutani, nikageuka.”

“Najua.”

“Lakini dirisha lilikuwa nyuma yetu. Jua la asubuhi likiingia, kivuli chake kilikuwa kinaangukia ukutani hapohapo mbele yangu.” Akakaza sura. “Sikuchungulia. Kivuli kilinifuata chenyewe.”

“Na ukanyamaza miaka yote hiyo!”

“Nikimwambia si atatia pazia?”

Nilicheka mpaka nikashika meza. Kisha akanionyesha kwa mikono: mzee alikuwa anakipakata mapajani, kisanduku kichwa chini miguu juu, ndipo anatia ufunguo.

Basi nikaelewa. Ndani ya kitasa kulikuwa na kipini kidogo kinachotembea kwa uzito wake. Kisanduku kikikaa wima, kipini kinaanguka na kuukaba ulimi. Kikipinduliwa, kipini kinarudi nyuma na ulimi unakuwa huru. Na mimi fundi nilikuwa nimekikaza wima kwenye jiliwa kwa nguvu zangu zote, nikikisaidia kwa ustadi mkubwa kisifunguke.

Nyaya zinataka mikono miwili, kwa hiyo mtu mwingine alipaswa kukishika.

“Kimelowa mafuta, Mama. Nguo yako.”

“Iache,” akasema. Akakaa kwenye kigoda, akakipakata kisanduku juu chini. Mimi nikapiga magoti mbele yake. Vibamba vikainuka, nikausukuma ulimi, nao ukarudi mpaka mwisho bila ubishi wowote. Kifuniko kikaachia, na kila kilichokuwamo kikamwagika mapajani mwake.

Picha haikuwapo. Kulikuwa na vichupa, kioo kidogo cha mkononi, glavu za mpira, na mswaki wa zamani ambao meno yake yalikuwa meusi kabisa. Mama akafungua kichupa kimoja, akanusa, akakunja uso.

“Dawa gani hii?”

“Ni rangi ya nywele, Mama. Nyeusi.”

Akavipanga vile vitu mapajani kimoja kimoja.

“Kabla yake kuna mtu alikuja kuniposa,” akasema. “Mtu na heshima zake. Nilimkataa kwa sababu ya mvi. Nilimsimulia baba yenu tukiwa wachumba, tukacheka sana.” Akafikiri. “Mimi nilicheka. Yeye sikumbuki kama alicheka.”

Kisha kicheko kikamtoka, kile cha tumboni, ambacho sikuwahi kukisikia kwake. “Kule hospitali, siku zake za mwisho, nywele zilipomgeuka nyeupe nikasema ni maradhi! Kumbe alikuwa mzee mwenzangu!” Machozi yakawa yanamtiririka, naye anayafuta kwa mkono wenye grisi, uso mzima ukawa na mistari. Sikumwambia. Nilikuwa na furaha mno.

Akauchukua ule mswaki, akaugeuzageuza.

“Hapa alikuwa hafiki,” akasema, akijigusa kisogoni. “Kila akitoka kuoga nilikuwa naona weupe, nadhani ni povu. Namfuta kwa upindo wa nguo yangu, nasugua, nasugua, na yeye ametulia tu kama mtoto. Halikutoka hata siku moja.”

Akaufunga mkono wake juu ya mswaki.

“Angeniambia tu, jamani. Ningempaka mimi.”