Zamu ya Nyambaro

Kila mbao ina namna yake ya kumla seremala. Mwerezi unakwaruza koo. Mkangazi unawasha viganja. Msonobari ni mpole, unakuachia chafya tu. Lakini nyambaro, ile nyekundu yenye michirizi myeusi ambayo matajiri wanaililia, vumbi lake huvimbisha kope mpaka mtu anaingia kazini akipapasa.

Ndiyo maana hapa mjini Masatepe, katika karakana ya bosi wetu, don Eulogio, tuligoma mwaka ule wa mafuriko mpaka tukapata kura ya kugawana mbao. Kila Jumatatu vipande vya mbao zote vilitiwa kofiani, na aliyetoa nyambaro aliifanyia kazi wiki ile, akijua wiki inayofuata haigusi. Waliofukuzwa kwa ajili ya kofia ile nawakumbuka kwa majina. Don Eulogio anajifanya kasahau.

Jumatatu iliyopita hakuleta kofia. Alisema hoteli imeagiza viti vya kubembea, vyote vya nyambaro, na atakayevichukua kwa hiari hatapunguzwa kazi Desemba. Kisha akaenda kunywa kahawa.

Nilisimama mbele ya rundo la nyambaro nikawaambia wenzangu tukikataa sote, hana la kufanya. Wakatazama chini. Mmoja akauliza kama Mzee wa Migomo ameanza ibada ya asubuhi, wengine wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliolala vibaya.

Nazario, mwenzangu tangu mgomo ule, akapita ubavuni mwangu, akabeba ubao wa kwanza. Macho yake yalikuwa bado mekundu kwa zamu ya wiki iliyotangulia.

"Weka chini, Nazario. Utapofuka."

"Desemba nitakula nini, kaka? Hotuba yako?"

"Kofia ile tuliipigania, mimi na wewe."

"Tulikuwa vijana. Sasa nimechoka. Na wewe umechoka, ila unaona haya kusema."

Hasira ninayo, ya miaka yote hiyo, lakini haijawahi kumlisha mtu. Akajifunga kitambaa puani, akaanza kupiga randa.

Nikauacha msonobari wangu wa zamu iliyotangulia pale ulipokuwa, nikaenda na randa yangu kwenye benchi lake, nikavuta nusu ya mbao upande wangu. Hakunishukuru. Alisema tu nisimharibie miguu ya viti kama kawaida yangu, akasogea kunipisha.

Don Eulogio aliporudi akasema anafurahi kuona hatimaye nimepata akili. Sikuinua kichwa. Kufika saa sita vumbi tulikuwa tumeligawana: kope zangu zilikuwa zimeanza kuvimba, na za Nazario bado ziliweza kufunguka.