Nyumba Hii Haiuzwi, Piga Simu

Ilikuwa Jumatatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi. Manyunyu yalikuwa yakianguka tangu alfajiri, na vichochoro vya Gerezani vilikuwa na matope ya kutosha kumvua mtu kandambili. Zulekha Nandonde alisimama chini ya kibaraza cha jirani akiwa na ngazi moja, mikoba miwili ya vifaa, kopo moja na nusu la rangi nyekundu, na mwenzake Augustino.

Biashara yao ilikuwa na umri wa siku kumi na nne. Iliitwa Zulekha na Augustino Marekebisho ya Nyumba. Walipaka rangi, walitengeneza ngazi za mbao, waliziba dari zinazovuja na walibadilisha vitasa. Kwa usahihi zaidi, walikuwa tayari kufanya hayo yote. Katika siku kumi na nne hakuna mtu aliyewaomba.

Habari hizo zilimfikia Shangazi Moza, mwenye duka la mapazia Kariakoo, aliyemlea Zulekha tangu alipotoka Lindi. Shangazi hakugombana naye. Alishona sare. Ilikuwa gauni la kijani lenye kola nyeupe, na jina ZULEKHA lilikuwa limetariziwa kifuani kwa uzi wa dhahabu.

"Ukipata mteja mmoja aliyekulipa kabla ya adhana ya adhuhuri Jumamosi," alisema, "nitakaa kimya mpaka kiama. Usipompata, unavaa hii, unakuja kupima mapazia."

"Shangazi, umeshatarizi na jina?"

"Nimeshatarizi. Mimi si mtu wa kusubiri."

Zulekha alikuwa amesoma ufundi kwa miaka mitatu ili asipime mapazia. Alimpenda sana shangazi yake, lakini aliwahi kufanya kazi katika duka lile wakati wa likizo, na alijua kwamba kila mteja aliyeondoka mikono mitupu alijadiliwa mpaka saa ya kufunga. Kwa hiyo aliichukulia Jumamosi kwa uzito.

Alifungua daftari. Ukurasa wa kwanza uliandikwa Mpango wa Kutafuta Wateja. Tangazo la redio lilikuwa limekatwa kwa sababu ya gharama. Vipeperushi mia mbili vilikuwa vimegawiwa Mnazi Mmoja Jumamosi iliyopita, na saa kumi na moja jioni Augustino alinunua karanga zilizofungwa ndani ya kimojawapo. Navyo vilikatwa.

Yalibaki maandishi ya ukutani.

Kila mtaa wa Dar es Salaam una nyumba iliyoandikwa NYUMBA HII HAIUZWI. Mwenye nyumba huandika hivyo ili tapeli asimuuzie mtu mwingine nyumba hiyo mwenyewe akiwa safarini. Maandishi hayo karibu yote ni mabaya. Herufi hupanda mlima, rangi huchuruzika, na neno la mwisho hukosa nafasi likamalizikia dirishani. Augustino, kwa upande wake, alikuwa na mwandiko ambao parokia nzima ya kwao Masasi iliutegemea kwa kadi za harusi.

"Tutawaandikia bure," alisema Zulekha. "Kwa herufi nzuri. Chini yake tunaweka jina letu na namba ya simu. Ukuta wao, tangazo letu."

"Bure kabisa?"

"Kabisa."

"Dada Zulekha, mtu wa Kariakoo ukimwambia bure, anashika mfuko wake kwanza."

Tatizo lilikuwa rangi. Jina la biashara lilikuwa na herufi thelathini na saba. Zulekha alipiga hesabu. Kopo moja na nusu lingetosha nyumba tano zenye jina na namba, au nyumba kumi na moja zenye namba peke yake.

"Tuandike namba peke yake," aliamua. "Mtu akipiga, nitamweleza sisi ni nani."

Wazo lilikuwa na mantiki. Aliliandika na kulipigia mstari mara mbili.

Nyumba ya kwanza ilikuwa Mchafukoge, nyumba ya zamani ya ghorofa moja yenye roshani ya mbao. Mwenyewe, Mzee Manubhai, alikuwa mlangoni akikagua mvua.

"Shikamoo, mzee," alisema Zulekha.

"Marahaba. Mnauza nini?"

"Hatuuzi, mzee. Tunatoa bure."

"Basi ni kitu kibaya sana."

Zulekha alieleza. Mzee Manubhai alisikiliza, na uso wake ukalainika, kwa sababu nyumba yake ilikuwa imeshauzwa mara mbili na watu asiowajua.

"Mara ya kwanza nilikuwa Morogoro kwenye harusi," alisema. "Narudi, nakuta familia sebuleni inakula wali. Wakanikaribisha."

"Na baba akakaa, akala," alisema Rinkal, mke wa mwanawe, kutoka ndani.

"Ulikuwa wali mzuri. Mara ya pili sikusafiri hata. Nilikuwa naoga."

Augustino alipanda ngazi. Baada ya nusu saa ukuta ulikuwa na maandishi yaliyonyooka kiasi kwamba wapita njia wawili walisimama kuyasoma kwa sauti. Kufikia Jumanne jioni nyumba kumi na moja za Mchafukoge na Gerezani zilikuwa zimeandikwa, na kopo lilikuwa tupu.

Simu ya kwanza iliingia Jumatano saa moja asubuhi.

"Mambo, dada. Hiyo nyumba isiyouzwa, mnaiuza bei gani?"

"Haiuzwi."

"Najua, nimesoma. Bei ya mwisho?"

"Kaka, imeandikwa haiuzwi."

"Sasa namba mmeweka ya nini? Nipige nikusalimie?"

Zulekha alifungua daftari na kuutazama ule mstari aliopiga mara mbili. Alikuwa bado anautazama simu ya pili ilipoingia.

Hadi adhuhuri walikuwa wamepiga watu ishirini na sita. Hakuna aliyetaka kupakiwa rangi. Wote walitaka nyumba. Kila alipowaambia haiuzwi, walielewa kwamba bei yao ilikuwa ndogo, wakaongeza. Wengine walikuwa tayari wamekwenda kuzikagua, na ili bei ishuke walimsomea kasoro moja baada ya nyingine. Zulekha alifanya kama chuo kilivyomfundisha. Kila simu aliiandika: saa, nyumba, na maneno ya mpigaji. Kila nyumba aliipa ukurasa wake.

Alhamisi alikuja Uwesu, dalali mwenye shati jeupe na simu tatu. Alimkuta Zulekha kibarazani na kumshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Dada, nina miaka ishirini kwenye udalali, sijaona akili kama hii. Unaandika haiuzwi, wanakuja wenyewe mbio! Nani kakufundisha?"

"Mimi ni fundi wa nyumba, kaka. Natengeneza ngazi na dari."

"Safi sana. Endelea kusema hivyo hivyo. Kamisheni tunagawana vipi?"

Augustino alimsindikiza mpaka barabarani. Uwesu aliondoka akimsifu Augustino pia.

Ijumaa saa tatu asubuhi Mzee Manubhai alimwita Zulekha, naye akaenda na Augustino. Walimkuta amesimama sebuleni, nusu ya kidevu imenyolewa na nusu ina povu.

"Tangu Jumatano wameingia watu kumi na saba," alisema. "Kumi na saba! Mmoja amepima chumba changu kwa futikamba. Nilikuwa nimelala. Akaniomba nisogeze miguu."

"Ukasogeza?" aliuliza Augustino.

"Nilisogeza! Nilidhani ni Rinkal anafagia! Namba ile ifutwe. Leo."

"Itafutwa, mzee. Tunaomba radhi sana," alisema Zulekha. Ilikuwa Ijumaa, wenye nyumba wengine kumi walikuwa wamempigia wakisema hayo hayo, na sare ya kijani ilikuwa imepigwa pasi. Hata hivyo alifungua daftari ili aandike agizo mahali pake. Mzee Manubhai aliona jina lake juu ya ukurasa, na chini yake orodha ndefu.

"Hiyo ni nini?"

"Ni maneno ya wanunuzi, mzee. Si ya kusoma."

"Soma."

Zulekha alisoma. "Ngazi inalia kama mbuzi: wanunuzi wanne. Dari ya sebule inavuja: wanunuzi sita. Mlango wa bafu haufungi, aliye ndani inabidi aimbe: mnunuzi mmoja."

"Huyo aliingia bafuni lini?" aliuliza Rinkal.

"Roshani inatia huruma: watatu. Nyumba ni ya kubomoa, kinachofaa ni kiwanja tu: wanunuzi tisa."

Povu lilianza kukauka kidevuni mwa Mzee Manubhai.

"Kubomoa? Nyumba aliyojenga baba yangu?" Alimgeukia mkwewe. "Rinkal, ngazi inalia?"

"Baba, inalia tangu naletwa hapa bi harusi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ulisema ni panya."

Mzee Manubhai alikwenda kwenye ngazi, akakanyaga kidato cha tatu. Kililia kama mbuzi. Akakaa juu yake, nacho kikalia tena.

"Siiuzi," alisema hatimaye. "Lakini sitaki mtu anayepita njia aseme haifai kununuliwa. Sikiliza, fundi. Nitengenezee hiki kidato kimoja, kama mfano. Kikinyamaza, tutazungumza malipo."

"Kesho asubuhi, mzee."

"Kesho asubuhi."

Jumamosi saa moja na nusu walikuwa kazini. Walipokifungua kidato cha tatu waligundua kwamba cha nne kilikuwa kimekiegemea, na cha pili kilikuwa kinaning'inia kwa msumari mmoja. Walitengeneza vyote vitatu. Saa sita kamili kazi ilikuwa imekwisha. Mzee Manubhai alipanda, akashuka, akapanda tena, akiwa ameinamisha kichwa kama daktari anayesikiliza kifua.

"Imenyamaza, mzee," alisema Zulekha. "Tuzungumze?"

"Bado. Mimi mwepesi. Labda inanyamaza kwa heshima."

Alishuka mara ya tatu. Zulekha alitazama saa. Ilibaki nusu saa, kisha dakika ishirini. Saa sita na robo mlango wa chini uligongwa. Alikuwa Shangazi Moza, na mkononi alikuwa na gauni la kijani kwenye hanga. Augustino, asiyeweza kumficha shangazi wa mtu jambo lolote, alikuwa amemwelekeza nyumba.

"Nimekuja nayo, tusipoteze muda," alisema, akaanza kupanda.

Shangazi Moza hakuwa mwepesi. Alipanda kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu. Mzee Manubhai alimshika Rinkal mkono. Kidato cha nne kilipita, na cha tano. Nyumba ilikuwa kimya kabisa.

"Haikulia," alinong'ona Mzee Manubhai.

Shangazi alifika sebuleni, akavuta pumzi na kuinua macho.

"Subhanallah! Dari hii itakuja kuua mtu. Na mlango ule wa bafu ndiyo umefungwa au umeegeshwa? Mzee wangu, na haya mapazia, aliyekuuzia mligombana?"

Mzee Manubhai alijinyoosha.

"Na wewe mama ni mnunuzi?"

"Mimi? Nyumba kama hii hata ya bure sichukui."

Zulekha alifumba macho. Augustino alitazama sakafu. Mzee Manubhai aliuachia mkono wa Rinkal.

"Rinkal! Lete mkoba wangu! Fundi, andika dari. Andika mlango. Andika roshani yote. Chukua malipo ya awali sasa hivi, huyu mama akiona. Arudi baada ya mwezi mmoja. Atanipigia magoti nimuuzie, na mimi nitamwambia haiuzwi!"

Rinkal alileta mkoba huku akikimbia, kwa sababu alikuwa ameusubiri mlango wa bafu kwa miaka sita. Zulekha alipokea malipo kwa mikono miwili, akaandika stakabadhi namba moja, akaikata na kumkabidhi mzee. Wino ulikuwa haujakauka adhana ya adhuhuri ilipoanza.

Shangazi Moza alitazama stakabadhi. Alitazama gauni.

"Kwani mimi nimesema nini?" aliuliza.

"Umesema dari, Shangazi," alijibu Augustino. "Na mlango. Na mapazia."

"Mapazia sikuyaandika," alisema Zulekha. "Hayo si kazi yetu. Ila namjua mtu."

Baada ya hapo mambo yalikuwa hivi.

Zulekha alifanya kazi kwa Mzee Manubhai kwa siku kumi na nane. Jioni aliwapitia wenye nyumba wengine kumi, akawaomba radhi na kumsomea kila mmoja ukurasa wa nyumba yake. Wanne walimpa kazi. Mmoja alimfukuza, kisha akamrudisha.

Augustino alifuta namba kwenye kuta zote kumi na moja. Kwa Mzee Manubhai aliandika mahali pake jina la biashara, herufi zote thelathini na saba, kwa ruhusa ya mwenye nyumba na kwa rangi ya mwenye nyumba.

Uwesu aliandika HAIUZWI kwenye nyumba aliyopewa kuuza. Iliuzwa Jumanne.

Rinkal alijifungia bafuni mara tisa siku ya kwanza. Hakuimba.

Mzee Manubhai hupanda na kushuka ngazi yake kila asubuhi. Akisikia mlio wowote, husema ni panya.

Shangazi Moza alifumua jina kwenye sare, akarudi Mchafukoge kupima madirisha manane, na akakaa kimya mpaka Jumatatu.