Mama wa Ndizi

Felista alikuwa amesoma hadi pale binti wa mfalme anapouacha mlango wa jumba lao kwa mara ya mwisho, ndipo mama mzazi wa Felista, Atuganile, alipotokea na mkungu wa ndizi kichwani, matope ya jaruba la mpunga yamemkaukia miguuni.

Kila Jumamosi akina mama wa Bondeni walikusanyika ukumbini, Felista akawasomea maisha ya binti huyo wa kifalme wa Ufaransa, aliyoyaandika mwenyewe uzeeni, baada ya kufukuzwa kwao na kuishi kwa kushonea watu nguo. Leo palikuwa na mgeni: Mwalimu Jubilate, mkuu wa shule iliyokuwa ikitafuta mtunza maktaba. Felista alikuwa amevaa viatu vya kuazima. Alishamwambia mwalimu kwamba alilelewa misheni, na masista.

"Yule ni nani?" mwalimu alinong'ona.

Felista alifunua ukurasa. "Ni mama anayetuletea ndizi."

Hakusema kwa nguvu. Lakini ukumbi ule ni mdogo, na Atuganile ana masikio ya mtu aliyezoea kuwinga ndege mpungani. Alitua mkungu, akaketi sakafuni, nyuma kabisa. Wanawake wote walimjua. Wote wakainamisha macho.

Felista akaendelea kusoma: "Mama yangu alinipungia mkono dirishani. Nilijifanya sikumwona, kwa kuwa watu walikuwa wakinitazama..."

Uso ulimwaka hadi masikioni. Akafunga kitabu, akasema leo inatosha.

Mwalimu Jubilate alipiga makofi peke yake, kisha akaufuata ule mkungu. "Mama, unauzaje?"

"Siuzi, mwalimu. Nimemletea msomaji."

"Kumbe mnafahamiana?"

Atuganile alivitazama viatu vya mwanawe. Akavitazama sana.

"Huwa namsikia tu akisoma," alisema. "Anasoma vizuri. Mpeni kazi. Ndaga, asanteni."

Akajitanda khanga, akatoka.

"Umesikia, binti?" mwalimu alicheka. "Hata mama wa ndizi anakuombea!"

Felista alikuwa ameshafika barabarani, miguu mitupu, viatu mkononi.

"Mama!"

Wanawake wakageuka: muuza dagaa, mwenye mtoto mgongoni, wawili waliokuwa wakianika kakao. Mmoja tu hakugeuka. Alikuwa akikunja kona ya kuelekea Itungi, polepole, kama mtu asiyeitwa.

Felista akaita tena.