Jiko Lenye Mlango wa Kioo

Kutwa nzima Mama Pacha alipiga pasi mashuka ya hoteli, jasho likimtiririka mgongoni, na kila akikumbuka mama yake mzazi kule juu kilimani roho ilimuuma. Mtoto anaungua kwa joto la dobi, mzazi anatetemeka. Asubuhi nyingine maji ya ndoo kule juu yaliuma vidole kama meno.

Kaka yake mkubwa, mtu wa maneno machache na yote ni amri, alishakata shauri: baridi kali ikianza, mama anahamia kwake. Mama hakutaka hata kusikia. Nyumba ile aliijenga na marehemu mumewe, na mkwewe, mke wa huyo kaka, alikuwa na ulimi mkali kama wembe.

"Nikienda kule nitakufa kwa kunyamaza," alimwambia binti yake. "Nitafutie jiko la kuni la kutia nyumba joto, nibaki kwangu."

Mama Pacha akaenda kwa kaka yake na kujifunga mwenyewe kwa mdomo wake: jiko zuri litapatikana, na mama habanduki. Kaka akamnyooshea kidole.

"Sawa," alisema. "Likitokea la kutokea, ni juu yako."

Mama na binti wakaanzia kwa Cheche, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu aliyejisifu kabla hujamsalimia. Jiko lake lilitokana na bomba nene la zamani, na bei yake haikutisha. Aliligonga kwa nyundo wasikie uzito, akabana kipande cha gazeti mlangoni, akakivuta hadi kikachanika.

"Mlango ukiachia karatasi, utaachia na moshi," alisema. "Huu umebana kama mkono wa bahili. Hili mtarithishana."

Lilikuwa linawaka. Mama akaketi kando yake juu ya tairi bovu, akanyoosha mikono, uso ukamlegea.

"Hili nitalizoea," alisema. "Halina makuu."

Lakini lilikuwa baya, tusifichane. Lilijaa makovu ya kuchomelea, na mguu mmoja ulikuwa mfupi, umewekewa kigae. Akilini mwake Mama Pacha alimwona kaka yake akiingia mlangoni kwa mama, akilitazama na kuuliza, "Ndilo hili?" Akaona aibu kabla haijamfika. Akamshika mama yake mkono, wakaaga.

Walilipata walilolitaka, au tuseme alilolitaka binti, katika duka la vyombo vilivyotumika. Jiko la chuma kizito, rangi ya kijani iliyokolea, na mlango wenye kioo cha kuonyesha moto. Kwa kununua Mama Pacha hakuwa mjinga. Alimulika ndani kwa tochi ya simu kutafuta nyufa, akabana karatasi mlangoni kama alivyofundishwa dakika chache zilizopita, ikachanika. Akapatana na mwenye duka hadi yule bwana akaanza kucheka mwenyewe, na bei ikashuka ikakaribia ile ya Cheche.

Mama alipitisha kidole kwenye kioo, kisha akakifuta kwa upindo wa kanga yake.

"Zuri mno," alisema. "Sasa kitu kama hiki tutakitilia nini?"

"Kuni, mama," binti akajibu, akacheka. Mama hakucheka.

Cheche ndiye aliyeitwa kufunga bomba la moshi, akaja amenuna. "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti," alinung'unika, akalizunguka jiko akilipapasa huku na huku. Mwisho akasimama, akajifuta mikono. "Nimelitafutia kasoro, sijaiona. Mmepata jiko." Mama Pacha akaleta na kuni kavu zilizopasuliwa, zikapangwa chini ya paa hadi usawa wa dirisha, zikafunikwa turubai. Aliteremka kilimani siku ile akijiona mtoto wa maana.

Kila Jumamosi alipopanda kumjulia hali, alikuta chumba kina joto, moto unacheza nyuma ya kioo, na vile vikombe vizuri vya kabatini vimetolewa. Juu ya kiti palikuwa na kitambaa cha kufuma, kimekunjwa.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," mama alisema akimimina chai.

"Mimi nimekuwa mgeni tena, mama?"

"Kaa unywe."

Haupiti muda, jirani wa nyumba ya chini naye anabisha hodi. "Tumeona moshi, tukasema Mama Pacha kafika." Wote wakacheka. Mama Pacha aliyachukua kuwa maneno ya ujirani tu.

"Kuni mbona hazipungui?" aliuliza siku moja.

"Jiko lako halina ulafi," mama alijibu.

Sifa hiyo aliipeleka mbio kwa kaka yake. Jiko linakula kidogo, linatoa joto tele, alisema, na kaka kwa mara ya kwanza akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kisha baridi yenyewe ikaja. Hoteli ilijaa, mashuka yakawa mlima, na mwenye dobi hakutoa ruhusa kwa mtu. Mama Pacha akapiga simu. "Mama, Jumamosi hii siji, nitakuja ijayo. Moto upo?"

"Upo, mwanangu. Wewe njoo tu."

Jumamosi aliyoahidi alipanda haraka, akilitafuta bomba kwa macho tangu mbali. Halikuwa likitoa moshi. Labda amelala, alijiambia, akaongeza mwendo. Alisukuma mlango, na baridi ya ndani ikawa kali kuliko ya nje.

Mama alikuwa kitandani, amevaa koti juu ya koti, amejikunja, mikono ameibana katikati ya magoti. Mama Pacha alimgusa shavu, akajua.

Ndani ya jiko kuni zilikuwa zimepangwa vizuri, vibanzi chini, magogo juu. Kioo kimefutwa kinang'aa. Kibiriti kilikuwa juu ya jiko, kitambaa kimekunjwa kitini, vikombe viwili viko mezani. Alivuta trei ya majivu, akaikuta safi kama sahani. Alitoka akafunua turubai. Kuni zilikuwa zimefika karibu palepale alipoziacha, usawa wa dirisha.

Akaketi chini, akajichukia kwa moyo wake wote. Jiko halikuwa na kosa. Lile la Cheche, na ubaya wake, lingewaka asubuhi na jioni, maana nani humtunzia mgeni kitu kibaya? Yeye alimnunulia mama yake kitu kizuri, na vizuri vyote katika nyumba ile vilikuwa vya wageni.

Akarudi ndani, akapiga kibiriti. Moto ulishika mara moja, hata moshi kidogo haukuingia chumbani. Akakivuta kitanda mpaka karibu na kioo, akaichukua mikono ya mama yake, akaanza kuisugua, ingawa alijua. Chumba kikaanza kupata joto.

Mlangoni pakabishwa hodi. Alikuwa jirani wa nyumba ya chini, akivua viatu, uso umejaa kicheko.

"Tumeona moshi," alisema, "tukasema leo mama ana mgeni."