Bingwa wa Gereji ya Piusi

Hhando alifika gerejini kwa Piusi amevaa koti lake la kanisani, na vijana wakaanza kumtania tangu getini. Jua la saa nane, vumbi la Karatu limejaa mpaka kwenye vikombe vya chai, halafu mzee mzima kajifunga vifungo vyote kama bwana harusi. Hakujali. Siku hiyo walikuwa wanamchagua mchezaji bora wa chesi wa mwaka, na jina la mchezaji bora huandikwa kwa rangi nyeupe kwenye mlango wa chuma wa gereji, mahali ambapo kila dereva anayeshuka kutoka Ngorongoro hulisoma akisubiri gari lake litengenezwe. Hhando alikuwa ameendesha watalii miaka ishirini na sita. Macho yalipofifia aliambiwa apumzike, akarudi kijijini kwake Rhotia kulima maharage, na tangu hapo hakuwahi kuwa wa kwanza kwa jambo lolote. Alilitaka jina lake pale mlangoni, alilitaka sana, na alishampigia simu dada yake aliyeko kijiji cha Mbulumbulu kumwambia aje alione.

Waliobaki kwenye ubishi walikuwa wawili: yeye na mkwewe Ngoitiko, Mmasai wa Ngorongoro, mwongoza watalii, aliyemuoa binti yake Eva. Mwaka mzima walikuwa wameshinda michezo sawasawa.

"Wamelingana, basi tuangalie walipokutana wenyewe," alisema Piusi, fundi na mwenye gereji. "Mzee Hhando kashinda mara sita, Ngoitiko hana hata moja. Nilete rangi?"

"Usilete," alisema Laurencia.

Laurencia aliuza spea duka la pili, na ndiye aliyetunza daftari la matokeo. Alilifunga, akaliweka mapajani.

"Mimi Ngoitiko kanifunga tangu Januari. Wewe Piusi alikufunga mpaka ukatupa kete kwenye oili chafu. Mzee Hhando mimi namfunga huku nahudumia wateja. Sasa iweje Ngoitiko huyuhuyu akikaa mbele ya mzee asahau hata farasi anavyotembea? Shikamoo yangu kwako iko palepale, mzee, lakini huko si kushinda. Unaheshimiwa ukwe wako tu."

Kuna mtu akacheka. Hhando alihisi masikio yanawaka.

"Una wivu," alisema. "Mwaka mzima umekaa na hilo daftari, leo ndiyo umeona kasoro? Kwa nini hukusema nilipomfunga mara ya kwanza?"

"Nilidhani unajua."

Maneno hayo yalimuuma kuliko kile kicheko. Akamgeukia mkwewe, akitaka amwambie yule mwanamke afunge mdomo. Ngoitiko alikuwa ameinama anatazama viatu vyake. Mwaka wa tatu huu tangu amuoe Eva, na hajawahi kulitamka jina la Hhando, kwa maana kwao jina la baba mkwe halitamkwi ovyo. Hali chakula mpaka mzee aanze. Hhando alikuwa akijivunia mambo hayo kwa majirani wote wa Rhotia, anawaringishia kabisa. Sasa yalimtia aibu.

"Uliniachia?"

"Baba, tuyaongee nyumbani."

"Nimekuuliza hapa. Panga kete."

Wakakaa. Watu wakasogea, hata aliyekuwa chini ya Landcruiser akatoka na spana mkononi. Hhando alicheza haraka kwa hasira, na kwenye hatua ya tisa akafanya kitu ambacho hata mwanafunzi wa jana asingekifanya: alimsukuma malkia wake akamweka wazi mbele ya ngome ya Ngoitiko, bila ulinzi wowote. Kisha akakunja mikono akamtazama mkwewe usoni.

Ngoitiko aliinua mkono. Vidole vikafika juu ya ngome, vikasita, vikahamia pembeni. Akasogeza askari mmoja hatua moja.

Hakuna aliyecheka tena. Hhando akamwacha malkia palepale, akasogeza kete isiyo na maana. Ngoitiko, kijasho kikimtoka, akasogeza askari mwingine.

Sita, aliwaza Hhando. Mara sita alikuwa amerudi nyumbani anaimba, akamsimulia mkewe hatua kwa hatua jinsi alivyomzunguka kijana, na Eva akiwapo, akimmiminia chai, anajua kila kitu. Angetukanwa angeweza kujibu. Huyu alikuwa amemlisha kama mgonjwa, kwa adabu, kijiko kwa kijiko, na bado alikuwa anamlisha mbele ya watu.

"Mle malkia wangu."

"Siwezi, baba."

"Nakuamuru."

"Niamuru lingine lolote. Nitalima shamba lako lote kwa jembe la mkono. Hili siwezi."

Basi Hhando akaendelea kucheza, sasa taratibu na kwa akili zake zote, na kila alipobisha, mlango ulifunguliwa. Akala farasi. Akala ngome zote mbili. Mfalme wa Ngoitiko akabaki kona, peke yake, hatua moja tu akamatwe. Piusi akashusha pumzi, akanyanyua kopo la rangi ili yaishe.

Hhando akamshika mfalme wake mwenyewe, akamlaza ubaoni. Anayemlaza mfalme wake ameshindwa, kila mtu pale alijua.

"Andika, Laurencia. Ngoitiko kashinda. Piusi, paka jina lake, na uliandike kubwa."

"Baba," Ngoitiko alisema, "ulikuwa umeshanifunga."

"Najua." Hhando alisimama akafungua vifungo vya koti kimoja kimoja, kwa maana joto lilikuwa limemzidi. "Kila ukipita hapa na wageni wako utalisoma jina lako, na wewe utajua ulilipataje."

Ngoitiko aliomba lisiandikwe. Piusi alikuwa ameshachovya brashi.