Mwamba wa Kusta

Pigo la kwanza lilimpata baba mdomoni kabla hajavua kofia. La pili lilimbwaga juu ya benchi, na samaki wa moshi niliokuwa nimewaandaa kwa chai ya asubuhi wakatapakaa sakafuni. Luteni hakuwa na haraka. Alimpiga kwa kitako cha bastola kama anayepigilia msumari, akipumzika katikati.

Kisa kilikuwa nyayo. Tangu Vita vya Pili vya Dunia viishe, mwaka wa saba sasa, askari wa mpaka wa Kisovieti walipitisha reki ufukweni kila jioni ili nyayo za yeyote anayetorokea Uswidi zionekane, wakatukataza kukanyaga mchanga wetu wenyewe. Bwana Valter, mtafiti kutoka Tartu, alikuwa amekaa kwetu wiki mbili akiandika Kilivi cha baba, lugha yetu ya wavuvi wachache. Jana yake, kabla hajaenda kijiji cha pili kuhoji bibi mmoja, alitilia shaka mstari wa mwamba mmoja wa baharini aliouandika daftarini. Baba alikasirika hadi akakosa usingizi. Kulipopambazuka akashuka hadi majini kuhakikisha alama za mwamba huo, na askari wakafuata nyayo zake hadi mlangoni.

Daftari, ambalo Bwana Valter alikuwa ametuachia, walilikuta mezani. Ndani mlikuwa na majina ya miamba arobaini iliyo chini ya maji, na namna ya kuipata kila mmoja kwa kutazama nchi kavu.

"Ramani hii," Luteni akasema. "Mnamchorea nani? Waswidi?"

Kosa hilo la ujasusi adhabu yake ilikuwa miaka ishirini na mitano kambini. Baba alikuwa na sabini na mmoja.

Kwa kuwa hakujua Kilivi, Luteni alimwita Teodor, mwenyekiti wa ushirika wa wavuvi na binamu yake baba. Sikumpenda Teodor, alikuwa kigeugeu. Alifunua kurasa, jasho likimtiririka, akamtazama baba aliyelala kwenye damu yake, halafu akadanganya vizuri kuliko nilivyomdhania.

"Ngano tu, Luteni. Majini wa baharini na ng'ombe wao wa buluu. Upuuzi wa wazee."

"Na huu Mwamba wa Kusta?" Luteni akauliza, kidole kwenye jina pekee ambalo mtafiti alikuwa ameliandika pia kwa Kirusi.

"Hakuna mwamba wowote. Hawa ni wachimba viazi, bahari wataijulia wapi? Mzee anaropoka."

Luteni akapiga mwayo, akafunga daftari. Nilipiga magoti nikamfuta baba uso, nikamshika mkono wa shati kwa nguvu zangu zote. "Baba, nyamaza," nilimnong'oneza. "Nakuomba, baba. Nyamaza."

Husemwa mdomo uliponza kichwa. Cha baba kiliponzwa na mwamba.

Alitema jino, akainuka. Alisema kwa Kirusi, kile kibovu alichojifunza katika jeshi la Tsar, ili kila mtu aelewe.

"Hakuna mwamba? Kusta ni baba yangu, mshenzi wewe! Kafia pale pale, nikamtoa majini kwa nywele kwa mikono yangu hii!" Akanyanyua stuli akamvunja nayo Teodor pua. "Wewe uliyekuwa ukitapika hata kwenye mashua iliyofungwa gatini, wewe unifundishe mimi bahari?"

Halafu akamgeukia Luteni. "Ukiwa baharini, ukiona msonobari uliopasuka umelingana na mnara wa kanisa, uko juu ya mwamba. Kina pima mbili. Mtafiti kasema tatu, kakosea. Andika!"

Luteni akacheka, akalifungua tena daftari. Askari wanne wakamwangukia baba kwa mabuti. Nilisikia mbavu zake zikivunjika. Niliyemrukia mgongoni alinitupa kwenye jiko, nikaungua kiganja. Walimburuta kwa miguu hadi kwenye lori, kichwa kikigonga kila ngazi, naye bado akitaja mwamba mwingine, na mwingine. Hakufika gereza la Riga akiwa hai.

Teodor alibaki ameketi sakafuni kati ya samaki, kitambaa puani.

"Zelma, mwanangu, nilikuwa namwokoa."

"Najua, baba mdogo."

"Au yeye hakuelewa?"

"Alielewa."

Akaanza kulia. Nikampiga kofi, nikampiga la pili, nikaendelea kumpiga kwa kiganja kile kile kilichoungua, kwa sababu niliyetaka kumpiga walikuwa wameshampakia lorini.