Mtani wa Mwalimu Alois

Mwalimu Alois alipofariki, niliitwa mimi kwenda kumtania. Mimi Mzigua, yeye Mnyamwezi. Tangu babu zetu walipobeba mizigo pamoja kwenye misafara ya pwani, sisi ni watani, na mtani ana ruhusa ya kumsema maiti lolote. Nilifurahi kuitwa. Nilikuwa na la kumsema miaka mingi.

Kile kitabu chake cha watoto, cha fisi aliyeandikwa upagazi akatwikwa mzigo wa nyama, Waingereza walikipenda wakakisambaza mashuleni, Urambo mpaka Igalula. Hadithi ile ni yangu. Nilimsimulia nikiwa kwenye cherehani, namshonea suruali yake ya kwanza ya ualimu. Kitabu kikatoka na jina lake tu. Kila mtoto aliyepita kibarazani kwangu akiimba maneno ya fisi, nilijichoma sindano. Wivu nilikuwa nao, sikatai, tena wa haki.

Basi siku ya mazishi, pale Itetemia, nikalala njiani mbele ya jeneza kama ilivyo desturi.

"Hapiti mtu," nikasema. "Huyu mwizi. Kaniibia fisi wangu."

Watu wakacheka. Hata Bernadeta, mjane wake, aliyekuwa akilia tangu asubuhi, alicheka.

"Mtani, tuachie mwizi wetu tukamzike," akasema.

"Shemeji, leo sitanii."

Wakazidi kucheka. Ndipo nilipoona kosa langu. Mtani akisema kweli msibani, nani atamsadiki?

Nikaona niisimulie yote, wajue mwenyewe ni nani. Nikakaa pale pale mavumbini nikaanza: fisi akala nyama njia nzima, akafika kambini mikono mitupu, mnyapara wa msafara akamuuliza mzigo uko wapi, fisi akalia akaomba radhi.

"Sivyo, babu," wanafunzi wake wakanikatiza, karibu wote kwa pamoja. "Fisi halii. Anasema: Bwana mnyapara, mzigo upo, nimeuhamishia tumboni usilowe na mvua."

Msiba mzima ukaangua kicheko. Nami kikanitoka, sikuweza kukizuia.

Maneno hayo sikuwahi kuyasema. Ni ya Alois, na bila hayo hadithi yangu ilikuwa fisi na nyama basi. Nikainuka nikapisha jeneza, wivu umenikaba upya, na safari hii haukuwa na haki yoyote.